RANGI HUTIBIKA, MTIKISIKO HAUTIBIKI

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo naomba tuzungumze juu ya chombo ambacho nyumba nyingi za mjini zinacho, lakini ambacho wengi wetu hatujapata kukaa kitako tukajifunza namna ya kukitumia. Chombo hicho ni kamera ya dijitali, iwe ile inayoning'inizwa shingoni, iwe ile iliyomo ndani ya simu. Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, maana anayetaka kuwaonya wenzake yampasa kwanza aseme mahali alipojikwaa.

Miaka michache iliyopita nilikwenda likizo kijijini, wilaya ya Lushoto, kumwamkia bibi yangu mzaa mama. Nilimpelekea kanga mpya, naye jioni ile ile akajifunga, akaketi kwenye kiti chake kando ya ukuta, akataka apigwe picha. Sebuleni mlikuwa na globu moja tu ya umeme, ya zile za zamani zenye uzi ndani. Nilitoa kamera niliyokuwa nimeinunua mwezi ule, nikaielekeza kwake kwa mkono mmoja, nikabonyeza. Bibi akaniuliza kwa utani wake wa siku zote: "Mume wangu, imetoka?" Nikamjibu: "Imetoka, bibi." Sikuwa nimeitazama.

Baada ya miezi minne tukaletewa habari za msiba. Ndugu walitaka picha kubwa ya marehemu ya kuweka mezani, nami nikaikumbuka ile. Fundi wa studio aliifungua kwenye kompyuta, akaikuza. Uso wa bibi ulikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, na macho yake yalionekana manne badala ya mawili. Fundi alitikisa kichwa, akasema: "Ndugu yangu, hii rangi nitaitibu. Lakini mkono wako ulitikisika, na uso huu mimi siwezi kuuumba upya." Hatukuwa na budi kukuza ile picha ndogo ya kitambulisho, ambayo bibi mwenyewe hakuipenda hata siku moja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Safari hii mjukuu mwenyewe ndiye aliyebaki na majuto.

Maneno ya fundi yule ndiyo shina la mazungumzo yetu ya leo. Picha ina maradhi mengi, lakini mawili ndiyo yanayozishambulia zaidi picha za nyumbani: rangi isiyo ya kweli, na ukungu unaoletwa na mtikisiko. La kwanza hutibika. La pili halina dawa ila kinga.

Tuanze na rangi. Jicho la binadamu lina hekima kubwa. Ukichukua karatasi nyeupe ukaitazama juani, kisha ukaingia nayo ndani ukaitazama kwa mwanga wa globu, bado utaiona nyeupe, kwa sababu ubongo hujirekebisha wenyewe bila kukuarifu. Kamera haina ubongo huo. Hupokea mwanga kama ulivyo, na mwanga una rangi. Wataalamu huipima rangi hiyo kwa kipimo kiitwacho kelvini. Mwanga wa mshumaa ni kama kelvini 1,900. Wa globu ya uzi ni kama 2,700. Wa jua la adhuhuri ni kama 5,500. Na wa kivulini, chini ya mbingu iliyo wazi, huweza kufika 7,000 na zaidi. Kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo ndivyo mwanga unavyoelekea kwenye manjano na wekundu. Inavyokuwa kubwa, mwanga huelekea kwenye buluu. Ndiyo maana bibi yangu aligeuka chungwa, na ndiyo maana watoto waliopigwa picha chini ya mwembe hutoka wakiwa na sura za watu wenye baridi.

Kamera inapowekwa kwenye hali ya kujiendesha yenyewe hukisia ni mwanga gani uliopo. Nje, mchana, hukisia vyema. Lakini mwanga unapokuwa wa manjano mno, kama ule wa globu moja au wa mshumaa, aghalabu hushindwa. Hapo yakupasa wewe uiambie ukweli. Katika kamera nyingi kuna kitufe au mstari kwenye menyu wenye herufi WB. Hiyo ndiyo mizani ya weupe. Ukiifungua utaona michoro midogo: jua, wingu, nyumba yenye kivuli, globu, na taa ndefu ya tyubu. Huna haja ya kusoma kitabu kizima. Tazama umesimama wapi, kisha chagua mchoro unaofanana na taa iliyo juu yako. Taa za tyubu huitia picha rangi ya kijani, na mchoro wa tyubu huiondoa. Ukitoka nje, kumbuka kurudisha alama mahali pake, la sivyo jua lote litageuka buluu.

Iwapo kamera yako inaruhusu, ipo njia bora kuliko hizo. Weka karatasi nyeupe mahali pale pale atakapoketi mtu, ipige picha iwe imejaza sehemu ya katikati, kisha uiamuru kamera ichukue weupe huo kuwa kipimo chake. Angalia tu usitumie shuka au shati lililotiwa buluu ya kufulia, maana weupe wa namna hiyo si weupe wa haki, na kamera itaamini uongo utakaoiambia.

Yako mambo mengine mawili ya rangi. La kwanza ni kuchanganya mianga. Mtu akiketi baina ya dirisha na globu inayowaka, shavu moja litakuwa buluu na la pili manjano, na hakuna alama yoyote kwenye menyu iwezayo kuyatibu yote mawili kwa pamoja. Zima taa, msogeze dirishani, na tatizo litakuwa limekwisha bila gharama. La pili ni ule mpangilio wa kuzikoleza rangi, ambao kamera nyingi unao. Huzifanya kanga zipige kelele na majani yawe kama yamepakwa rangi ya mafuta, lakini nyuso za watu huziharibu. Kwa picha za jamaa, acha mpangilio wa kawaida, au ule wenye mchoro wa kichwa cha mtu.

Hapa yafaa tukumbushane jambo moja la historia, ili tusidhani kwamba kamera ni hakimu asiye na upendeleo. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliizoea kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha kurekebishia rangi. Matokeo yake, watu weusi walipopigwa picha pamoja na weupe, mara nyingi nyuso zao zilizama gizani. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea baadaye sana, katika miaka ya 1990. Kamera za leo zimeendelea, lakini bado hupima mwanga kwa kutafuta wastani wa kila kilichomo ndani ya picha. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera huushughulikia ukuta, ikautia giza, na uso ukatiwa giza pamoja nao. Tafuta alama ya kujumlisha na kutoa kwenye kamera yako, uongeze mwanga kwa hatua moja. Na kwenye simu, gusa uso wenyewe kwenye kioo ili simu ijue ni kipi unachokithamini. Ukuta utazidi weupe, na hilo halitamuumiza mtu.

Sasa tuingie kwenye ugonjwa usio na dawa. Ndani ya kamera mna kilango kinachofunguka kuruhusu mwanga na kufunga tena. Juani hufunguka kwa muda mfupi mno, pengine 1/500 ya sekunde, na mkono hauwahi kuharibu kitu. Sebuleni usiku, kamera ikiachiwa uamuzi, huweza kukiacha kilango wazi kwa 1/8 ya sekunde. Kwako wewe huo ni muda usiohesabika. Kwa mkono unaotikisika ni safari ndefu, na kila hatua ya safari hiyo huandikwa juu ya uso wa unayempiga picha. Wapiga picha wana kanuni yao ya tangu zamani: ukitumia lenzi ya milimita 50, kilango kisikae wazi kupita 1/50 ya sekunde, ukitumia ya milimita 200, kisipite 1/200. Maana yake ni kwamba kadiri unavyovuta kitu cha mbali kije karibu, ndivyo unavyouvuta na mtikisiko wako. Kwa hiyo gizani usivute. Piga hatua, umsogelee mtu.

Steven Sasson, mhandisi wa Kodak nchini Marekani, alipounda kamera ya dijitali mwaka 1975, chombo chake kilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, na kilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kanda ya kaseti. Hapana mtu ambaye angekiinua kwa mkono mmoja akabonyeza huku akizungumza. Wepesi wa kamera za leo ndio uliotuharibia adabu. Irudie adabu hiyo: shika kamera kwa mikono miwili, viwiko uvibane mbavuni, mguu mmoja utangulie mwingine kidogo. Egemea ukuta au mwimo wa mlango. Vuta pumzi, itoe nusu, kisha bonyeza taratibu kama unayebonyeza tunda kujua kama limeiva. Usikitwange kitufe. Piga picha tatu mfululizo badala ya moja, kwani aghalabu moja kati yake hutoka imetulia.

Stendi ya miguu mitatu ni kitu kizuri, lakini si lazima uinunue. Mfuko wa kilo moja ya mchele au maharage uliowekwa juu ya meza huipokea kamera na kuituliza barabara. Ukiisha kuiweka, tumia kile kipima muda cha sekunde 2 au 10, ili kamera ijibonyeze yenyewe wakati mkono wako uko mbali. Ukiwa na mwongozo wa kamera yako, tazama pia ile namba iitwayo ISO. Ukiipandisha kutoka 100 hadi 800 au 1,600, kamera hupata wepesi wa kuhisi mwanga na kilango hufunga mapema. Gharama yake ni chembechembe zitakazoonekana kama mchanga juu ya picha. Zikubali. Uso wenye mchanga kidogo hutambulikana. Uso uliotikisika hautambulikani.

Watauzaji watakuambia kwamba kamera yao ina kizuia mtikisiko. Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Kampuni ya Canon ilitoa lenzi yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1995, na siku hizi hata simu nyingi zinacho. Vihisi vidogo huusikia mkono unavyoyumba, na kioo ndani ya lenzi, au kihisi cha picha chenyewe, husogezwa upande wa pili ili kusawazisha. Lakini elewa mpaka wake: huzuia mtikisiko wa mkono wako tu. Hakimzuii mtoto anayeruka, wala bibi harusi anayecheza. Kwa hao hakuna njia ila kilango cha upesi, 1/250 ya sekunde au zaidi, na hilo lataka mwanga. Fungua madirisha, au utoke nao nje.

Kuna neno la mwisho kwa wenye kamera kubwa. Zipo zinazoweza kuhifadhi picha katika hali iitwayo RAW, yaani picha mbichi. Picha hiyo hula nafasi nyingi kwenye kadi ya kumbukumbu, lakini fundi huweza kuibadilisha mizani yake ya weupe baadaye kana kwamba ndiyo kwanza unaichagua. Basi ukijikuta huna nafasi ya kushughulikia yote mawili, iache rangi, ushughulikie mkono.

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili, na pengine nyumbani kwako kuna mzee, au utakwenda kumwona. Mwombe aketi karibu na dirisha, taa ikiwa imezimwa, uso wake ukielekea mwanga. Egemea kitu, shika kwa mikono miwili, piga tatu. Kisha usiirudishe kamera mfukoni. Ifungue picha, ikuze mpaka uone kope za macho yake, na ukiona zimefifia piga tena, hata kama chai inapoa na watu wanakuita mezani. Akikuuliza kama imetoka, mwonyeshe aione mwenyewe, ndipo umjibu.