Mbusa Nyamwisi: waziri mara nne, na swali ambalo Beni na Butembo zinabaki nalo

Kati ya watoto wa Beni na Butembo waliofika mbali katika serikali ya Kinshasa, jina la Antipas Mbusa Nyamwisi halikosi. Amekuwa waziri mara nne, chini ya maraisi wawili. Lakini raia bado wanajiuliza: mutoto wa kwetu akipata wizara, sisi tunapata nini?

Njia yake ilianzia katika vita. Mwaka 1998 aliingia katika uasi wa RCD, kisha akaongoza tawi la RCD-K/ML lililotawala Beni, Butembo na Lubero. Kodi za mpaka wa Kasindi zilikuwa kati ya mapato makubwa ya chama hicho. Mapatano ya mwaka 2002 yakafungua mulango wa serikali ya mpito, na mwaka 2003 Mbusa akawa waziri wa ushirikiano wa kimkoa. Mwaka 2006 aliacha kugombea uraisi, akamuunga mkono Joseph Kabila. Mwaka 2007 akapewa wizara ya mambo ya inje, na mwaka 2008 ile ya ugatuzi. Mwaka 2011 aligeuka, akagombea dhidi ya Kabila, akashindwa, kisha akakaa inje ya inchi miaka kadhaa. Machi 2023, Raisi Tshisekedi alimurudisha serikalini kama waziri wa muungano wa kimkoa. Serikali iliyotangazwa Mei 2024 haikuwa tena na jina lake.

Ukiangalia vizuri, wizara hizo zote zinagusa maisha ya huku: majirani, mipaka, na mamlaka ya majimbo. Kumbe kuwa na cheo ni jambo moja, na kuwa na uwezo ni jambo lingine.

Mufano ni ugatuzi. Katiba ya mwaka 2006 inasema jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake. Mpaka leo hesabu hiyo haijaheshimiwa namna ilivyoandikwa: feza zinapanda Kinshasa, na zinazorudi ni kidogo. Waziri peke yake hawezi kubadilisha hilo kama raisi, bunge na wizara ya feza hawataki.

Mambo ya usalama ni vilevile. Mauaji yalianza Beni Oktoba 2014, wakati Mbusa hakuwa serikalini. Aliporudi mwaka 2023 hayakuisha, sababu jeshi haliongozwi na waziri wa muungano wa kimkoa. Tangu Mei 2021 jimbo lenyewe liko chini ya utawala wa kijeshi.

Na si Mbusa peke yake. Julien Paluku alikuwa gavana wa Kivu ya Kaskazini toka 2007 mpaka 2019, kisha waziri wa viwanda, na tangu 2024 waziri wa biashara ya inje. Watu wetu hawakosekani mezani. Tena barabara ya Kasindi–Beni, kilometa 80, ambayo wafanyabiashara wanaitegemea kila siku, iliingia katika mapatano kati ya Kongo na Uganda, si katika ahadi ya waziri mmoja.

Basi, muda wa kura ukifika, haitoshi kuuliza mutu anatoka wapi. Mpiga kura aulize pia: wizara hiyo ina feza gani, inaamua nini, na mwisho wa mwaka nani atakuja kutupatia hesabu?