Aliyeunda Chombo Ndiye Akijuaye

Mwezi uliopita nilitumwa Nyeri na shemeji yangu kwa ujumbe mfupi: nikamwambie mwanawe, ambaye ni mpwa wangu, aache mchezo wa videge ashike masomo. Kijana huyo anasomea uhandisi huko, na baba yake alikwisha pata habari kwamba fedha za matumizi zinaishia kwenye nyaya na vikorokoro. "Wewe ni mjomba wake," aliniambia, "atakusikiliza." Basi nikafunga safari kutoka Mombasa hadi chini ya Mlima Kenya, koti begani na maneno makali mdomoni.

Nilimkuta chumbani mwake ameinamia meza. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Mbele yake palikuwa na kiunzi cheusi chenye mikono minne, chembamba kama mifupa ya samaki aliyekwisha liwa. Kando yake zilikuwako mota nne, kila moja ukubwa wa kifuniko cha chupa, na chuma cha kulehemu kinafuka moshi. "Mjomba," akasema, "kabla hujanigombeza, tafadhali nishikie taa hii."

Nilishika taa kwa saa mbili, na katika saa hizo mbili nilifundishwa.

Alichokuwa akiunda ni droni ya mashindano. Kiunzi huja vipande vipande katika sanduku, na yaliyobaki ni kazi ya mikono. Kimefanywa kwa nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na ngumu, lakini hupitisha umeme. Waya uliochubuka ukikigusa, chombo kizima chaweza kuungua, kwa hiyo kila kiungo hulehemiwa na kufunikwa. Mota mbili huzunguka kwa kufuata saa na mbili kinyume chake; zote zikienda upande mmoja, chombo kitajizungusha kama pia. Katikati hukaa ubongo wake, kidude kinachopima mlalo wa chombo mara elfu kadhaa kwa sekunde. Mbele huwekwa kamera, na mrushaji huvaa miwani inayomwonyesha kile kamera inachokiona. Rafadha hufungwa mwisho kabisa, baada ya yote kujaribiwa, kwani mota ikishtuka rafadha haichagui kidole.

Jambo moja lilinishangaza. Nyeri iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Rafadha inayobeba chombo bila taabu kule Nyali, Nyeri hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na betri huisha mapema. Nanyuki, iliyo juu zaidi, taabu huzidi. "Darasani nililikariri jambo hili," aliniambia, "lakini nililiamini siku chombo changu cha kwanza kilipokataa kupanda."

Najua wako watakaosema kwamba huu si ufundi, ni kuunganisha tu vitu vilivyotengenezwa na wengine. Nami nawauliza: fundi wa Matondoni kule Lamu, aundaye jahazi, ndiye aliyeupanda mti? Ndiye aliyeufua msumari? Ufundi wake uko katika kujua kipi kikae wapi na kwa nini. Na jahazi likigonga mwamba, yeye ndiye ajuaye ubao upi wa kung'oa.

Hayo niliyaona kesho yake. Kijana ana karatasi zake zote za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, tukaenda uwanjani. Chombo kilipita kama mbayuwayu, kikajipiga kwenye mlingoti, mkono mmoja ukavunjika. Mimi nilisikitika kama aliyefiwa. Yeye alitoa mkono mwingine mfukoni, akafungua skurubu, akalehemu upya, na kabla ya Magharibi chombo kilikuwa hewani. Nani kati yetu awezaye kufanya hivyo kwa simu aliyonayo mkononi? Sisi tumekuwa watu wa kununua, na kikiharibika, kutupa.

Sisemi droni ziachwe holela. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2020 zinataka kila droni isajiliwe, mwenyewe awe ametimiza miaka 18, na hata kipande chake kikiingizwa nchini kiwe na kibali. Sababu zake zaeleweka. Nanyuki kuna ndege za jeshi na za watalii. Na kwetu sisi, kamera inayoelea juu ya ua wa watu ni kuvunja sitara ya nyumba, jambo ambalo hakuna mzee wa pwani atakayelivumilia.

Lakini tazameni upande wa pili. Machi 2016, katika mashindano makubwa ya droni pale Dubai, mshindi alikuwa kijana wa Kiingereza, Luke Bannister, mwenye umri wa miaka 15, na timu yake ikaondoka na dola 250,000. Mwaka huo huo Unguja na Pemba zilianza kupigwa picha kwa droni ili kuchora ramani mpya, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafunzwa kazi hiyo. Mtoto wetu wa miaka 15 aanzie wapi? Rai yangu ni kwamba shule na vyuo vya ufundi vifunguliwe mlango mwepesi: chombo kiwe mali ya shule, mwalimu awe msimamizi, na kirushwe ndani ya ukumbi au uwanja uliozungushiwa wavu. Hapo sitara italindwa, na mikono nayo itafunzwa.

Niliporudi, shemeji aliniuliza, "Umemwambia?" Nikamjibu kwamba nimempa masharti mawili: masomo kwanza, na kila shilingi iandikwe daftarini. Hakuridhika. Amesema atakwenda mwenyewe. Na aende! Namshauri tu achukue miwani yake ya kusomea, kwani zamu ya kushika taa itakuwa yake.