Maharage Yaliyoungua Si Hati ya Kumhamisha Mzee



Majuma machache yaliyopita tulialikwa kwenye kikao cha familia moja hapa Wazo, si mbali na kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Majina tunayaficha, kwa kuwa kisa hiki ni cha nyumba nyingi. Mwenye nyumba ni mzee mgane, mstaafu wa miaka mingi. Watoto wake wanne walikuja, kila mmoja akiwa na uso wa msiba, ilhali hapakuwa na msiba. Kilichotokea ni hiki: mzee alibandika maharage, akatoka nje, maharage yakaungua hata sufuria ikageuka nyeusi, na jirani akaona moshi dirishani.

Mtoto wa kwanza alifungua daftari akasoma mashtaka. Mwezi wa tatu, Baba aliacha bomba wazi maji yalipokatika. Usiku maji yakarudi na sebule ikafurika. Mwezi wa tano, alijifungia nje, funguo zikabaki ndani. Mwezi wa sita, aliketi juu ya miwani yake mwenyewe. Mwezi wa saba, aliteleza bafuni akatenguka kifundo cha mkono. Sasa maharage. Hukumu ilikuwa tayari: Baba ahamie chumba cha nyuma kwa binti yake, na nyumba ipangishwe. Mpangaji, tuliambiwa mwishoni kabisa, alikwisha kupatikana. Sisi tuliitwa ili tumshauri Baba akubali kwa utii.

Tunakiri mbele yenu kwamba tulikwisha kufungua kinywa ili tumshauri hivyo. Mzee akatutangulia kwa swali moja, kwa heshima zote: "Baba Paroko, kule nyumbani kwenu mapadre hakijapata kuungua kitu?"

Tulinyamaza. Juma lilelile tulikuwa tumesahau pasi juu ya kanzu, na aliyenusa harufu ni mpishi. Hakuna aliyeitisha Halmashauri ya Walei ili kutuondoa parokiani. Tulicheka, tukanunua kanzu nyingine. Kijana akiunguza chakula huitwa mwenye shughuli nyingi. Mzee akiunguza chakula huitwa mtu wa kuhamishwa. Kosa ni lile lile, mizani ndiyo tofauti. Na mizani miwili, ndugu zetu, ni dhambi ambayo manabii waliikemea sokoni. Leo imehamia sebuleni.

Tafakari ya juma hili inapinga mizani hiyo waziwazi. Tunasema kwamba ajali ndogo ya nyumbani si ushahidi wa kumvua mstaafu mamlaka juu ya nyumba yake, fedha zake na siku zake. Anayeigeuza kuwa ushahidi, hata kwa machozi ya upendo, anamwibia mzazi wake.

Tuanze na ushahidi wenyewe. Jiko lililounguza maharage ni jiko la gesi, zawadi ya Krismasi kutoka kwa watoto. Zawadi njema. Lakini mzee huyu na marehemu mkewe walipika kwa mkaa zaidi ya miaka thelathini. Mkaa una huruma: ukiusahau, hupungua wenyewe. Gesi haina huruma hiyo. Huwaka mpaka mtu aizime. Nani aliketi naye hata nusu saa kumwonyesha tofauti? Bafu lililomwangusha lina marumaru zinazong'aa kama kioo, zilizowekwa na watoto walewale, bila chuma cha kushikilia ukutani wala zulia la mpira sakafuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Hatari hiyo si ya mzaha. Lakini kama marumaru ndizo zilizoangusha, kwa nini ahamishwe aliyeanguka na marumaru zibaki?

Daftari lile halikuwa na mstari hata mmoja juu ya nyumba. Lilikuwa na mistari juu ya mzee tu.

Pili, katika kikao kizima hakuna aliyeuliza kwa nini mzee alitoka jikoni. Sisi nasi hatukuuliza. Tuliuliza siku ya tatu, tulipomrudia peke yetu kwa aibu. Akatueleza kwamba asubuhi ile majirani wawili, vijana wenye familia, walikuwa wamefikia kushikana mashati kwa ajili ya mpaka wa viwanja. Walimfuata yeye. Naye alikumbuka mpaka kwa sababu ya mwembe. Marehemu mkewe aliupanda kwa mkono wake mwaka aliobatizwa kitinda mimba wao, akaupanda mkabala na jiwe la mpaka ili mipaka isije ikapotea. Mzee aliwaongoza wale vijana mpaka kwenye mwembe, akawahadithia siku ile ilivyokuwa: jembe lililovunjika mpini, mama aliyecheka, mtoto aliyekuwa mgongoni. Walichimba kidogo, jiwe likaonekana. Wakapeana mikono. Ilichukua saa nzima, na maharage yakaungua.

Wapendwa, ninyi mnajua kesi za ardhi zinavyokula watu katika vitongoji vyetu, Tegeta, Boko, Bunju na kwingineko. Kesi moja ilimalizwa kwa sufuria moja ya maharage. Ni nani aliyepata hasara? Lakini kumbukumbu ile, ambayo watoto wake huiita "hadithi za Baba za kila siku", haikuandikwa katika daftari.

Maandiko Matakatifu yanazijua nyumba za namna hii. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, kinatuonyesha Isaka mzee, macho yamefifia. Tumezoea kuhubiri juu ya baraka aliyoipata Yakobo; ni mara chache tunahubiri juu ya familia iliyotumia udhaifu wa macho ya mzee ili kupata ilichokitaka. Na angalieni: masikio ya Isaka yaliitambua sauti ya Yakobo. Kilichomshinda ni ngozi za mbuzi ambazo wa nyumbani mwake waliuvisha mkono wa kijana. Leo ngozi ya mbuzi ni daftari la mashtaka, na mlango wa nyuma tayari mpangaji anangoja.

Tena, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 3, kuna mzee mwingine ambaye macho yake yalikuwa hayaoni vema, Eli. Samweli, kijana mwenye macho mazima, aliitwa na Mungu asijue ni nani anayemwita. Aliyetambua ni Eli, naye alitambua mara ya tatu, akiwa amelala. Bila mzee yule, kijana yule angeendelea kukimbia huku na huku usiku kucha. Macho yaliyoshindwa kuiona taa ndiyo yaliyoiona sauti ya Mungu. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 3, anatuagiza tumvumilie baba hata kama akili zake zinapungua. Hasemi tumvumilie mradi asiunguze chakula.

Kuna watakaotujibu: "Padre, mnasema kirahisi. Na siku nyumba ikiungua naye akiwamo ndani?" Hoja hii ni nzito, nasi hatuipuuzi. Kuna kusahau kunakozidi kiasi: mzee anapopotea njia ya kwenda kwake, asipomtambua mwanawe, anapozidi kuchanganya usiku na mchana. Huo ni ugonjwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali apimwe na daktari. Yaweza kufika siku asiweze kuishi peke yake. Siku hiyo tutakuwa wa kwanza kusema ahamie kwa watoto, naye akaribishwe chumba cha mbele. Lakini uamuzi huo hutolewa na daktari, na familia, na mzee mwenyewe akiwa ameketi mezani, wala si na daftari lililoandikwa nyuma ya mgongo wake.

Tena tutahadhari, kwa kuwa tabia hii ya kusoma mwili wa mzee kama hati ya mashtaka ina mwisho mbaya. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Wekundu walioupata kwa miaka mingi ya kupikia familia kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wa kuwalisha watoto uligeuzwa kuwa ushahidi wa kuwaua mama. Hatusemi kwamba sebule ya Wazo ni sawa na mauaji. Tunasema kwamba mbegu ni moja: alama ya uzee inageuzwa kosa, na mwenye alama haulizwi.

Taifa letu limebishana kwa haki juu ya mafao ya wastaafu. Kanuni za mwaka 2018 zilizoweka mkupuo wa asilimia 25 zilisitishwa Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikawa asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha tena. Ubishi ule ulikuwa wa lazima. Lakini kikokotoo kimoja hakijajadiliwa: heshima kiasi gani inabaki kwa mstaafu nyumbani kwake baada ya kukabidhi ofisi? Wapo waliopata mafao yao yote na nyumbani wakabaki na sifuri.

Kustaafu si kufutwa. Mwalimu Julius Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima, na katika uzee wake alizitia Injili katika tenzi za Kiswahili. Rais Benjamin Mkapa alichapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 2019. Julai 2020 akafariki. Fikirini kama angeambiwa mwaka 2018 kwamba hadithi zake zimechosha. Mzee wa Wazo hana mchapishaji. Mchapishaji wake ni mjukuu anayeketi naye barazani, na mjukuu huyo mara nyingi ameinamia simu.

Nasi Kanisa tusijifiche nyuma ya madhabahu. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki Aprili 2025, alianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Ni siku njema. Lakini mahali pengi huishia kwenye kanga, soda na picha ya pamoja. Kisha uchaguzi wa viongozi ukifika, twasema, "Wazee wapumzike." Nani aliomba kupumzika? Katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu mzee hupewa kusali sala ya mwisho, akiulizwa jambo lolote la maana hajibiwi. Hilo ni kosa letu sisi mapadre kabla halijawa la mtu mwingine, nasi tunaomba msamaha.

Basi tunaomba nini? Kwanza, watoto mlio na wazazi wastaafu, kabla ya kuitisha kikao, kagueni nyumba. Wekeni chuma cha kushikilia bafuni, zulia la mpira, taa ya usiku ukumbini, na kengele ya dakika kando ya jiko. Funguo za akiba ziwe kwa jirani mwaminifu. Gharama yake yote huenda isifikie nauli mlizotumia kuja kikaoni. Pili, jumuiya zipange zamu za kuwatembelea wazee, si kwa kuwapelekea Komunyo Takatifu tu, bali kwa kuketi na kusikiliza. VIWAWA waandike wanayosikia, kwa daftari la namna nyingine. Tatu, msicheke kwa kuwarekodi. Video ya bibi anayeshindwa kufungua simu, inayorushwa katika makundi ya familia, ni kuuvua utupu wa mzazi, na watoto wa Nuhu watatusaidia kukumbuka mwisho wake.

Nanyi wazee wetu, tuvumilieni neno moja. Msifiche mlipoanguka kwa kuogopa kikao. Aliyeficha jeraha humwacha daktari mlangoni. Kubalini fimbo, kubalini kengele ya jikoni. Kukubali msaada si kusalimisha nyumba.

Mzee wetu bado yuko kwake. Mpangaji alitafutiwa nyumba nyingine. Kitinda mimba, yule wa mwaka wa mwembe, alikuja Jumamosi na fundi, wakafunga chuma bafuni, na sufuria mpya ikanunuliwa. Ile nyeusi mzee amekataa kuitupa, anawanyweshea kuku.

Tumwombe Mungu, kwa maombezi ya Watakatifu Yoakimu na Ana, atujalie kuwauliza wazazi wetu kabla ya kuwahukumu. Dominika njema, na Tumsifu Yesu Kristo.