Tamthilia Isiwe Hukumu

Wazee wa Visiwa hivi walikuwa na adabu yao katika kusimulia. Msimulizi hakuanza ngano yake mpaka amewaita wasikilizaji, nao wamemwitikia kwamba hadithi na ije, uongo na uje, utamu na ukolee. Kwa itikio hilo mkataba ulikuwa umefungwa. Aliyetoa uongo aliutoa kwa idhini, na walioupokea waliupokea kwa hiari, wakijua wanapokea nini. Hatujapata kusikia mtoto aliyeondoka kwenye ngano akaenda kumshitaki sungura kwa wizi wa maji ya kisimani.

Leo ngano zinatufikia kwa televisheni na kwa simu za mkononi, na miongoni mwa zinazopendwa sana ni zile za uhalifu uliotokea kweli. Nazo zina itikio lao, ila limepinduliwa. Kabla ya picha ya kwanza huandikwa kwenye kioo kwamba kisa hiki ni cha kweli. Kisha ndani yake huingizwa watu ambao hawakupata kuzaliwa, maneno ambayo hayakupata kusemwa, na mara nyengine hata hukumu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa. Jambo hili limezua kesi kubwa huko ng'ambo, na kwa kuwa michezo hiyo inatazamwa humu majumbani mwetu, na vijana wetu wanajifunza kutengeneza ya kwao kwa kuiga hiyo, tumeona inafaa tulitazame kwa makini.

Twapenda ieleweke tangu mwanzo kwamba hatumo katika kundi la wale wanaodhani kila kilichobuniwa ni udanganyifu. Marehemu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, hakumdhulumu mtu yeyote, na sifa ya upelelezi wa Bwana Msa imekuwa sifa ya Unguja nzima. Lakini kitabu kile hakikudai kuwa ni faili la polisi. Suala letu ni la michezo inayodai.

Hata hiyo inayodai haiwezi kufanya kazi bila ya kubuni, na mfano bora tunaoujua umetoka Uingereza. Baina ya mwaka 1999 na 2015 mawakala wa posta zaidi ya 900, watu wa vijijini na mitaani waliokuwa wakiuza stempu na kulipa pensheni za wazee, walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo, wengi wao wakishitakiwa na shirika la posta lenyewe. Shahidi mkubwa alikuwa mashine. Programu ya kompyuta iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na mawakala wakaambiwa kuwa mashine haikosei. Wako waliofungwa, wako waliouza nyumba zao ili wazibe pengo lisilokuwapo, na wako waliojiua.

Habari hizo hazikuwa siri. Jarida la Computer Weekly liliziandika tangu mwaka 2009. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2019 kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro, na Mahakama ya Rufaa ikafuta hatia za watu 39 mwaka 2021. Serikali ikaendelea kujikongoja. Ndipo mwanzoni mwa Januari 2024 televisheni ya ITV ilipoonyesha, kwa siku nne mfululizo, mchezo uitwao Mr Bates vs The Post Office. Tarehe 10 ya mwezi huo huo Waziri Mkuu Rishi Sunak alisimama Bungeni akatangaza kuwa italetwa sheria ya kuzifuta hatia hizo kwa pamoja, na kufika mwezi Mei sheria ilikuwa imepita. Yale ambayo majaji na waandishi hawakuyaweza kwa miaka kumi na zaidi, waigizaji waliyasukuma kwa wiki moja.

Sasa, katika mchezo huo yumo mkaguzi wa hesabu aitwaye Bob Rutherford. Mtu huyo hayupo duniani. Amefinyangwa kutokana na wakaguzi wa kweli wa kampuni ya Second Sight, walioajiriwa kuuchunguza mfumo ule. Je, ni nani aliyedhulumiwa na Bob Rutherford? Sisi hatumuoni. Mtunzi ana saa nne za kusimulia mambo ya miaka ishirini. Akimweka kila mkaguzi, kila wakili na kila karani kwenye kioo, mtazamaji atazama katika majina. Kazi anayoonyeshwa Bob kuifanya ni kazi iliyofanywa kweli, na watu waliofungwa wametajwa kwa majina yao. Vivyo hivyo mchezo wa Chernobyl wa mwaka 2019 ulimbuni mwanasayansi mwanamke, Ulana Khomyuk, asimame badala ya wanasayansi wengi, na mwisho wa mchezo watengenezaji wakasema wazi kwamba wamembuni. Uhuru wa namna hii ni halali ya msanii, na anayeupinga hajapata kujaribu kuandika mchezo.

Mambo huanza kuharibika pale mtu wa kweli anapohamishwa mahali alipokuwa. Mwezi Septemba 2022 kampuni ya Netflix ilitoa mfululizo juu ya Jeffrey Dahmer, muuaji wa mji wa Milwaukee, Marekani, aliyeua wanaume na wavulana 17 baina ya mwaka 1978 na 1991. Anayestahili kukumbukwa katika kisa kile ni Bi Glenda Cleveland. Mwezi Mei 1991 mvulana wa miaka 14 alikutwa njiani akiwa hajitambui. Polisi wakamrudisha mikononi mwa Dahmer, wakaondoka. Bi Glenda aliwapigia simu akawauliza na kuwauliza tena kama wana hakika kuwa yule si mtoto. Walimjibu kwamba hapana tatizo. Mtoto aliuawa.

Katika mchezo, Bi Glenda ameonyeshwa akiishi mlango wa pili na muuaji, ukuta kwa ukuta, akisumbuliwa na kelele na uvundo. Kwa kweli aliishi katika jengo jengine. Jirani wa ukumbi mmoja alikuwa mwanamke mwengine, naye ameyeyushwa ndani ya Bi Glenda kama chumvi katika maji. Tunafahamu kwa nini mtunzi alifanya hivyo, maana hofu hukolea zaidi ukuta ukiwa mwembamba. Lakini amempunguzia Bi Glenda fadhila yake. Mtu anayepiga simu kwa sababu ya uvundo unaoingia chumbani mwake anajitetea mwenyewe pia. Mtu wa jengo jengine, asiyesumbuliwa na lolote, anayemfuatia polisi kwa ajili ya mtoto asiyemjua, huyo ndiye wa kusimuliwa wajukuu. Ukweli ulikuwa mzuri kuliko uongo, na mtunzi akaupita.

Katika mchezo huo huo pana jambo jengine lililotuchoma, nalo halihusu kubuni hata kidogo. Mwaka 1992 dada wa mmoja wa waliouawa alisimama mahakamani akamlilia na kumfokea muuaji wa ndugu yake. Mchezo uliyarudia maneno yake yale yale, kwa mavazi yale yale. Dada huyo alisema hadharani kwamba hakuna aliyemwendea kumuuliza. Kwa hivyo wale wanaodhani kuwa usahihi peke yake unatosha, wafikiri tena.

Kosa kubwa kuliko hayo, kwa maoni yetu, ni kumbunia mtu aliye hai hatia ya mahakama. Mwezi Aprili 2024 ulitoka mfululizo wa Baby Reindeer, uliotungwa na mchekeshaji wa Scotland, Richard Gadd, juu ya mwanamke aliyemwandama kwa miaka. Kioo kiliandika kwamba hiki ni kisa cha kweli. Jina la mwanamke lilibadilishwa, lakini haikupita muda watazamaji wakawa wamekwisha kumtafuta na kumtangaza mtu waliyeamini kuwa ndiye. Ndani ya mchezo mwanamke huyo anakiri mashitaka kizimbani na kupelekwa gerezani. Aliyetajwa alifungua madai Marekani, akisema hajapata kutiwa hatiani maishani mwake. Mwezi Septemba 2024 jaji wa shirikisho huko California aliruhusu madai ya kashfa yaendelee, akieleza kwamba kumwandama mtu ni jambo moja, na kutiwa hatiani na mahakama kwa kumwandama ni jambo jengine kabisa.

Sisi hatusemi kama mwanamke huyo alitenda au hakutenda. Hiyo si kazi ya tahariri. Tunasema tu kwamba mtunzi anaweza kubuni mvua, mkahawa, rafiki, hata ndoto, na hapungukiwi na haki. Ila kifungo cha mtu hakibuniwi.

Jirani na hilo ni kesi ya When They See Us, mchezo wa mwaka 2019 juu ya vijana watano wa New York waliofungwa kwa kosa la mwaka 1989 ambalo hawakulitenda, wakasafishwa mwaka 2002. Dhuluma waliyofanyiwa vijana hao ni ya kweli na hakuna mchezo ulioikuza. Hata hivyo mwendesha mashitaka wa zamani, Linda Fairstein, alishitaki mwaka 2020 akidai amewekewa kinywani na mikononi mambo yasiyokuwa yake. Mwezi Juni 2024, kesi ikikaribia kusikilizwa, pande mbili zilipatana. Fairstein hakulipwa kitu. Netflix ilikubali kutoa dola milioni moja kwa taasisi ya Innocence Project, inayowatetea waliofungwa kwa makosa, na tangazo la kwamba baadhi ya mambo yamebuniwa likahamishwa kutoka mwisho wa mchezo likawekwa mwanzo. Uhamisho huo wa maandishi machache ndiyo faida kubwa ya kesi yote, maana ni nani anayesoma majina yanayopanda kwenye kioo wakati watu wameshasimama kutafuta viatu?

Turudi kwetu. Kwa sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ina watu 1,889,773. Ikiwa katika nchi ya mamilioni mengi kama Uingereza watazamaji walimfukua mtu baada ya siku chache, hapa kabla ya sala ya isha kila baraza itakuwa imeshamtaja. Kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu wa Visiwani. Ukimwacha na shehia yake, kazi yake na mwendo wake, umemtaja. Kwa hivyo mtunzi wetu ana wajibu mzito kuliko mwenzake wa London, naye hana budi kuanza na kubisha hodi kwa jamaa wa marehemu kabla hajawasha kamera.

Wale wanaohusika na utangazaji na sensa ya filamu nao wanapaswa kuhakikisha kwamba tangazo la kubuni linawekwa mwanzo wa mchezo, kwa Kiswahili, na linakaa kwenye kioo mpaka bibi aliyevaa miwani amelisoma. Lakini tunawakumbusha jambo moja zaidi, tena tunalisisitiza. Shirika la posta la Uingereza lingalipenda sana kumwonyesha Bob Rutherford asiyekuwapo, liseme mchezo wote ni uongo. Pasitokee ofisi yoyote hapa itakayojificha nyuma ya mhusika wa kubuni ili kuuzuia mchezo unaoigusa. Swali la kuuliza si kama yumo mtu asiyekuwapo. Swali ni kama mtu aliyepo amebebeshwa asilolitenda.

Na ikiwa tunamtaka mtunzi aheshimu hukumu, basi aweze kuisoma. Hukumu iliyotamkwa mbele ya watu haipaswi kuwa siri katika kabati la karani. Mtunzi anayekuja na barua yake apewe nakala, asiambiwe njoo kesho mpaka nauli imwishe, kwani akirudi nyumbani mikono mitupu ataandika alichokisikia barazani.