Sauti Imegoma, Fundi Kapiga Windows: Machalii wa Nduruma, Mtapigwa Hadi Lini?

Kuna upigaji unaendelea Chuga na watu wameuzoea hadi wanaushukuru. Laptopu inakata sauti. Mwenye nayo anapanda daladala hadi mjini. Fundi anaitazama sekunde kumi, anakunja uso kama daktari wa mifupa, anatoa hukumu: "Hii ni kupiga Windows tu." Hela inatoka. Kesho yake sauti ipo, na kila kitu kingine hakipo.

Kwa asiyejua, kupiga Windows ni kufuta mfumo unaoendesha kompyuta na kuuweka upya. Ni dawa halali kwa magonjwa machache. Kwa sauti iliyogoma, mara nyingi ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu mtu kazima swichi ya sebuleni. Na sio fundi peke yake mwenye dhambi. Mteja anayekabidhi laptopu yenye maisha yake yote bila kuuliza hata swali moja naye anajipiga mwenyewe.

Muangalie DJ mmoja wa Nduruma, jina kapuni. Mwamba anajulikana kuanzia mashamba ya maua hadi Njiro. Ukiona kipaimara kimejaza watu hadi nje ya turubai, ujue yeye ndiye yuko kwenye mashine. Siku chache kabla ya shughuli, programu yake ya kupigia mziki ikawa bubu. Akaenda mjini, akapigiwa Windows, sauti ikarudi fresh kabisa.

Ila nyimbo alizozipanga kwa miaka, alama alizoweka kwenye kila wimbo, video za kumkaribisha MC, na picha za send-off mbili ambazo wateja walikuwa hawajachukua, vyote kwaheri. Fundi alihifadhi folda moja tu, wakati kazi ya DJ ilikuwa imetapakaa kwenye folda nne. Siku ya siku mziki ukapigwa kwa simu kupitia blututhi, na kila simu ikiita, mziki unakata. Watu wakala ndafu kimya kimya kama wako msibani.

Halafu dogo mmoja wa chuo aliyekuja kumsaidia kupanga nyimbo upya akauliza swali moja tu: "Bro, ile siku YouTube ilikuwa inalia?" Ilikuwa inalia. Kengele za Windows zilikuwa zinalia. Kilichonyamaza ni programu moja. DJ ndipo akakumbuka kwamba kwenye shughuli iliyotangulia aliishusha hadi sifuri kwenye mikisa ya Windows ili video ya maharusi isikike, na hakuipandisha tena. Windows inakumbuka setingi hiyo hata ukizima laptopu na kuiwasha. Ilikuwa kazi ya sekunde tano. Imemgharimu kazi ya miaka.

Hapo ndipo ujanja wote ulipo. Kupiga Windows kunaonekana kutibu sauti kwa sababu kunarudisha setingi zote mwanzo. Kilichoshushwa kinapanda, kilichozimwa kinawaka, fundi anaonekana kichwa, na mteja anawaletea wenzake sifa zake. Hakuna aliyejua kilichokuwa kimeharibika, hata fundi mwenyewe. Ndiyo maana tatizo likirudi baada ya miezi miwili, jibu ni lile lile na bei ni ile ile. Usisahau pia kwamba zipo Windows zinazopigwa mtaani kwa programu za kuvunja leseni, ambazo zinataka ulinzi wa virusi uzimwe kwanza. Unaenda na laptopu bubu, unarudi na laptopu inayoongea na wezi.

Watu wa Nduruma ndio wa mwisho kupaswa kupigwa hivi. Maji yanatoka Meru, yanashuka kwa mfereji, yanapita geti baada ya geti hadi shambani. Zamu yako ikifika na maji hayaji, hakuna mzee atakayekuambia ukachimbe mto upya. Unapandisha mfereji kwa miguu, unakagua kila geti hadi umkute aliyeziba. Sauti ya laptopu inashuka hivyo hivyo: inatoka kwenye programu, inapita mikisa, inachagua njia ya kutokea, inapita draiva, ndipo inafika kwenye spika. Kagua kwa mpangilio huo.

Geti la kwanza ni programu yenyewe. YouTube ina kitelezi chake cha sauti, VLC ina chake, na kivinjari kinaweza kunyamazisha ukurasa mmoja tu huku mingine ikilia. Fungua kitu kingine usikilize. Kimoja kikilia na kingine kisilie, spika ni nzima na draiva ni nzima. Mtu akikuambia upige Windows kwa dalili hiyo, chukua laptopu yako uondoke.

Geti la pili ni mikisa. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kila programu ina kiwango chake cha sauti. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya spika, pale chini kwenye saa, uchague "Open volume mixer". Kwenye Windows 11 za karibuni, bonyeza Windows, Ctrl na V kwa pamoja. Hapo ndipo DJ wetu alipozikwa.

Geti la tatu ni njia ya kutokea. Laptopu inaweza kupeleka sauti kwenye spika zake, kwenye TV kwa waya wa HDMI, au kwenye spika ya blututhi iliyoko chumba cha pili. Kuna watu wanapandisha sauti hadi 100 huku mziki ukilia kwa mdogo wao sebuleni. Bofya alama ya spika, angalia jina la kifaa kilichochaguliwa, chagua "Speakers".

Geti la nne ni draiva, ile programu ndogo inayoitafsiria Windows kadi ya sauti. Ingia "Device Manager", fungua sehemu ya sauti, utakuta mara nyingi jina Realtek. Tatizo likianza baada ya Windows kujisasisha, kuna kitufe cha "Roll Back Driver" kinachorudisha draiva ya zamani. Kikiwa hakibonyezeki, ondoa kifaa hicho kwenye orodha na uwashe laptopu upya. Kwa kawaida Windows itakirudisha yenyewe. Kabla ya hapo, jaribu kuanzisha upya huduma inayoitwa "Windows Audio". Mafaili yako hayaguswi hata moja.

Geti la mwisho ni tundu la hedifoni na spika zenyewe. Vumbi au uchafu ukikwama tunduni, laptopu inaweza kudhani hedifoni zimechomekwa na kuzinyima spika sauti. Chomeka na uchomoe mara kadhaa taratibu kabla ya kulia na mtu.

Kuna mtego mwingine umewala wanachuo wengi. Mziki unapiga vizuri, simu ya Zoom inaingia, sauti ya kila kitu inaporomoka ghafla. Binti mmoja wa hosteli, jina kapuni pia, aliambiwa spika zimechoka zibadilishwe. Zimechoka wapi! Windows yenyewe imewekwa tangu kiwandani ipunguze sauti nyingine kwa asilimia 80 ikihisi kuna maongezi. Nenda kwenye setingi za zamani za sauti, sehemu ya "Communications", chagua "Do nothing". Imeisha hiyo.

Na vile vitufe vya kupandisha sauti vikigoma wakati kitelezi cha kwenye skrini kinafanya kazi, sauti yako haina ugonjwa. Ni kitufe cha Fn kimefungwa. Kwenye Lenovo na Dell nyingi, bonyeza Fn na Esc pamoja. Hilo nalo kuna watu wamelilipia kibodi mpya.

Sasa zamu ya wajuaji wa Ubuntu, maana nao wana kesi. Mfumo huu ulianza mwaka 2004, ukiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ni wa bure. Chalii anausakinisha kwa mbwembwe, sauti haitoki, anatangaza chuo kizima kwamba Ubuntu haifai. Au mjuaji mwenzake anamtumia amri za kubandika zilizoandikwa zama za PulseAudio, bila kumuuliza anatumia toleo gani. Tangu toleo la 22.10, la Oktoba 2022, Ubuntu inatumia PipeWire kupitisha sauti. Amri ya mwaka 2010 kwenye mfumo wa leo ni ramli tu.

Ubuntu nayo ina mageti. Kwenye setingi za sauti angalia kifaa cha kutokea. Ukikuta "Dummy Output", maana yake mfumo hauioni kadi ya sauti. Kwenye laptopu mpya mara nyingi dawa ni kusasisha mfumo wote ili upate kiini kipya na faili za kifaa hicho. Kadi ikionekana lakini kimya, fungua dirisha la amri, andika alsamixer. Safu yenye herufi MM chini yake imenyamazishwa. Isogelee, bonyeza M, igeuke 00. Kuna watu wameirudia Windows kwa sababu ya herufi mbili.

Kisingizio kinachopendwa ni lugha: "Mambo yenyewe ya Kizungu." Kidogo ni kweli, maana menyu nyingi zimeandikwa Kiingereza. Lakini Kiswahili kwenye kompyuta hakikuanza jana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi wa KiLinux. Windows 7 nayo ilikuwa na pakiti ya Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo walifanya. Kijana anayejua kila kona ya setingi za Instagram, anayejua kuficha "last seen" asionekane na mpenzi wake, hawezi kusema kitelezi cha sauti kimemshinda kwa sababu ya Kiingereza.

Mafundi wa kweli wapo, na hili lisiwaguse. Spika zinapasuka kweli. Chai inamwagika kweli. Waya mwembamba wa spika unaweza kuchomoka laptopu ikifunguliwa kusafishwa vumbi. Tofauti ya fundi na mpigaji ni kwamba fundi anapima kwanza. Na kipimo hiki hata wewe unakiweza: weka Ubuntu kwenye flashi ya GB 16, washa laptopu kupitia flashi hiyo, chagua kuijaribu bila kuisakinisha. Spika zikilia, ni nzima, na mgonjwa ni Windows. Diski yako haijaguswa. Zisipolia kote kuwili, huku hedifoni zinalia na tundu ni safi, hapo sasa bisibisi ina kazi.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi, muulize maswali matatu. Umejuaje kwamba tatizo ni Windows? Umejaribu draiva? Mafaili yangu unayahifadhi wapi kabla hujafuta? Fundi wa kweli atajibu bila jasho. Mpigaji atakasirika, atasema "wewe ndio fundi?" Huyo kashajijibu. Na hata ukimuamini, nakili kazi yako kwenye diski ya nje kabla ya kutoka nyumbani. Yote, sio folda moja.

Maana kinachopotea pale sio mziki tu. Ni tasnifu ya mwanachuo aliyebakiza wiki moja, ni mahesabu ya mama anayeuza mboga Tengeru aliyowekewa na mwanae, ni picha za bibi ambaye hatapigwa nyingine. Mtu anayefuta vyote hivyo kwa sababu kitelezi kimeshuka sio fundi, na mtu anayemlipa na kumshukuru asilalamike kesho.

Haya, machalii na wadada wa Chuga: nani hapa kashapigiwa Windows kwa ajili ya sauti, na alipoteza nini? Na mafundi mnaojiamini, tokeeni mseme mnaanza kukagua wapi. Komenti ziko wazi hapo chini, majina ya watu tu msiyataje.