Kuzamia ziwa Kivu: mchezo wa wazungu ao kazi yetu?

Siku ya Mungu, vijana wa Goma na Bukavu wanashuka ku ziwa kuogelea. Lakini kuzama chini kabisa na chupa ya hewa mgongoni? Wengi wanasema ile ni michezo ya wazungu. Tufikiri tena.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiiona kwa macho. Vita vilikuwa vimefunga barabara, njo maana boti ilijaa kupita kiasi. Familia zilibaki ukingoni zikingoja miili ya watu wao. Swali lilikuwa moja: nani anajua kushuka kule chini?

Kwingine, ufundi huo unaanza kwa kujifurahisha. Marekani, ndani ya ziwa Mead lililozaliwa na baraji ya Hoover, kunalala ndege B-29 iliyoanguka mwaka 1948, na wazamiaji wanashuka kuiangalia. Si kila mmoja wao ni mwokoaji, lakini mwokoaji anaanzia hapo.

Ila Kivu ina mambo yake. Kwanza, iko karibu metre 1.460 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Mzamiaji akipanda haraka, azoti iliyoingia mwilini inafanya mapovu, kama chupa ya Primus ikifunguliwa. Hesabu za muda wa kukaa chini zilizofanywa kwa ajili ya bahari, hapa inafaa zipunguzwe. Pili, gazi. Metane nyingi iko chini ya metre 260, na mchezo huu haupiti metre 40. Lakini ndani ya ghuba la Kabuno, maji yenye gazi karboniki yanaanzia karibu metre 12 tu. Na pa ukingo, mazuku inaua. Tatu, kule Bukavu baraji ya Ruzizi 1 inavuta maji: hapo usikaribie.

Tusidanganyane: mara nyingi mzamiaji anarudisha mwili, jile njo inaokoa mtu. Jile zianze. Lakini wavuvi wetu wa Idjwi na Kituku, wanaojua maji tangu utoto, wangepata formasio inayofaa Kivu, familia hazingengoja vile.

Serkali, wenye boti, wenye mahoteli ya ukingoni: nani atatoa franga ya kwanza?