Tumewauliza Wanaokuja, Waliokoma Kuja Nani Amewauliza?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, katika vikao vya kamati zetu za misikiti, mara nyingi sadaka ya waumini hupelekwa pale inapoelekeza sauti kubwa zaidi. Mmoja ataka jenereta, mwingine ataka ukuta, wa tatu ataka mlinzi wa usiku. Kila mmoja ana hoja, na wachache wana hesabu. Wiki hii tumependa tuzungumzie elimu ambayo wataalamu huiita utafiti wa operesheni, nayo ni elimu ya kuhesabu na kupima njia za kutenda kabla ya kuamua. Serikali huitumia katika ulinzi, usalama na nishati. Sisi tunaamini kwamba hata msikiti wa mtaani na nyumba ya vyumba viwili zina haja nayo.

Msingi wake si mgeni kwetu. Katika mwaka wa pili wa Hijra, kabla ya vita vya Badri, walikamatwa wachota maji wa Makuraishi. Waliulizwa idadi ya jeshi lao, wakasema hawaijui. Mtume (s.a.w.) akawauliza wanachinja ngamia wangapi kwa siku. Wakajibu kwamba siku moja tisa, siku nyingine kumi. Akasema kuwa watu hao ni kati ya mia tisa na elfu moja. Tazama hekima hiyo: mateka hawakuwa na jibu la swali la kwanza, lakini walikuwa na jibu la swali jingine, na kutoka humo idadi ikapatikana.

Katika zama za karibu, elimu hii ilikua Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwanafizikia Patrick Blackett, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1948, alikusanya wataalamu wa fani mbalimbali wakakaa pamoja na wanajeshi na kuzichambua takwimu za mapigano. Meli za shehena zilizovuka Atlantiki zilikuwa zikizamishwa na nyambizi za Ujerumani, na Waingereza walikuwa wakihofia njaa. Wengi waliamini kwamba msafara mdogo ndio salama, kwa kuwa mkubwa ni shabaha kubwa. Wataalamu wakafungua kumbukumbu, wakaona kwamba idadi ya meli zilizozama katika shambulio ilitegemea zaidi wingi wa nyambizi na wingi wa meli za ulinzi kuliko ukubwa wa msafara wenyewe. Tena, meli zikiongezwa maradufu, mzingo wa kulindwa hauongezeki maradufu. Basi ni heri misafara michache mikubwa yenye walinzi wengi. Mwaka 1943 misafara ikakuzwa. Haikununuliwa silaha mpya kwa ajili ya hilo; kilichobadilika ni mpango.

Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwako Abraham Wald, mwanahisabati Myahudi aliyekimbilia huko mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa Austria. Yeye aliletewa swali la ndege za kivita: zikirudi na matundu ya risasi, tunajifunza nini juu ya sehemu zilizo dhaifu? Mtazamaji wa haraka angesema pawekwe kinga pale palipo na matundu mengi. Wald alifikiri kinyume chake. Ndege zinazohesabiwa ni zile zilizorudi. Zilizopigwa pabaya zimelala chini ya bahari au katika ardhi ya adui, na hakuna awezaye kuyahesabu matundu yake. Kwa hiyo sehemu isiyo na matundu mengi katika ndege zilizorudi, kama vile injini, yaweza kuwa ndiyo inayoua.

Ndugu wasomaji, somo hilo lilitufika sisi wenyewe kabla hatujajua jina la Wald. Kamati yetu ilipata fedha za kununua taa chache za sola kwa ajili ya usalama. Ili tusiamue kwa kubahatisha, kwa muda wa wiki mbili tuliwauliza waumini baada ya swala ya Ishaa ni wapi pana giza la kuogopesha. Karibu wote wakasema hali ni nzuri, ila getini penye pikipiki pangefaa kuongezwa mwanga. Tukaandika mapendekezo yetu kwa kujiamini kabisa.

Siku ya kikao, mama mmoja mtu mzima wa jumuiya ya akina mama akaomba kusema. Akatuambia, "Wanangu, mmewauliza wanaokuja. Waliokoma kuja nani amewauliza?"

Tuliinamisha vichwa. Wiki iliyofuata tukapita nyumba kwa nyumba, tukifuatana na akina mama wawili. Tukasikia habari ambazo daftari letu halikuwa nazo. Kichochoro kinachopita kando ya mtaro, ambacho ndicho njia ya mlango wa wanawake, kilikuwa giza totoro. Wazee wawili waliwahi kuanguka hapo, wakaamua kuswali nyumbani. Wazazi kadhaa walikuwa wamewatoa binti zao katika darsa la jioni, bila ya kumlaumu mtu na bila ya kutuambia. Sisi tulidhani mabinti wamepoteza hamu ya elimu. Kumbe tuliopoteza ni sisi, kwa kutoona.

Taa tatu tukazifunga kichochoroni, na moja tu getini. Mabinti hawakurudi wote. Wengine walikwisha kuzoea kukaa nyumbani, na hilo ni deni juu yetu. Lakini wengi wao wamerudi, na jioni sauti zao za kusoma Juzuu Amma zinasikika tena.

Ama kuhusu nishati, mfano ulio bora tunaupata katika Surat Yusuf, aya ya 47 hadi 49. Nabii Yusuf (a.s.) hakuishia kutafsiri ndoto, alitoa mpango. Miaka saba ya kulima kwa bidii, nafaka iachwe katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kisha miaka saba ya shida, na hata hapo ibaki akiba. Swali lake lilikuwa hili: tule kiasi gani leo, na tubakishe kiasi gani kwa ajili ya kesho?

Swali hilo hilo humkabili kila mwenye dhamana ya bwawa la umeme. Hapa Tanzania, maji ya Ruaha Mkuu hufua umeme Mtera, penye mitambo ya megawati 80, kisha maji hayo hayo hushuka hadi Kidatu yakafua tena, penye megawati 204, na hatimaye huingia Rufiji lilipo Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Ukiyafungulia leo, unaokoa gesi ambayo ingechomwa leo. Ukiyafungulia kupita kiasi na mvua ikachelewa, utatafuta maji na usiyapate. Ukiyazuia kupita kiasi na mvua kubwa ikaja, yatamwagika bure. Nchi zinazotegemea maji kwa wingi, kama Brazil, hukokotoa kwa kompyuta thamani ya maji yaliyomo bwawani kabla ya kuamua. Sisi tunaokumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na 2011, ukame ulipoyashusha mabwawa, hatuhitaji kuelezwa gharama ya kukosea.

Hata hivyo, tusiifanye hesabu kuwa mungu. Mwaka 1942, Lord Cherwell, mshauri wa Waziri Mkuu Churchill, aliandika waraka wenye takwimu za kuonesha jinsi ya kuzibomoa kwa mabomu nyumba za raia katika miji ya Ujerumani. Blackett na Henry Tizard walipinga, wakisema makadirio yake yamezidishwa mara kadhaa. Hawakusikilizwa, na miji ikachomwa pamoja na watoto waliomo. Wao walipinga tarakimu, na walikuwa na haki. Lakini Muislamu angepaswa kusimama kabla ya kufika kwenye tarakimu, kwani Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa wanawake na watoto vitani. Hesabu hukuonesha njia fupi ya kufika unakotaka. Kama huko unakotaka ni halali, hilo haikuambii. Hilo ni kazi ya dini na dhamira.

Basi, wazazi wenzetu, tuanzie nyumbani. Kwa wiki moja andikeni pamoja na watoto umeme unatumika wapi na unakatika saa ngapi, kabla ya kubishana juu ya kununua betri au jenereta. Na nyinyi wajumbe wa kamati, kila mnapokusanya maoni, ulizeni ni nani hayupo katika orodha, kisha nendeni mkambishie hodi. Kuhesabu hakupunguzi tawakkul. Mtume (s.a.w.) alimwagiza mtu amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Allah.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe uadilifu katika amana zetu.

Wabillahi tawfiq.